Akufukuzaye Hakwambii Toka

Mtu mmoja, mgeni katika mji wa London, asoma tangazo la chumba cha kupanga. Apiga simu. Aulizwa jina lake, naye alitaja. Aulizwa atokako, naye asema kweli. Mara sauti ya upande wa pili yabadilika. Chumba, aambiwa kwa adabu nyingi, kilichukuliwa jana. Saa moja haijapita, rafiki yake, mzaliwa wa mji ule, apiga simu ile ile, naye akaribishwa aje jioni kukitazama. Hapana aliyetukanwa. Hapana mlango uliobamizwa. Mgeni ashika njia kwenda kutafuta mahali pengine, wala hana ushahidi wa kupeleka mbele ya hakimu, ila lile fundo moyoni mwake.

Wahenga walisema, Akufukuzaye hakwambii toka. Kwa kawaida twaitumia methali hiyo kwa mambo ya ndugu na majirani, lakini yafaa pia kwa mambo ya sheria. Ubaguzi wa zamani ulikuwa na kibao. Ubaguzi wa siku hizi una adabu. Ule wa kwanza ulikatazwa na sheria. Huu wa pili, kama tutakavyoona, katika nchi moja kubwa umepata nguvu kutoka kwa sheria yenyewe. Juma hili twapenda kuuliza pamoja na wasomaji wetu: mwenye nyumba ana haki gani, mgeni ana haki gani, nayo serikali inayosimama kati yao ina wajibu gani?

Yamkini wako watakaosema: mambo ya Uingereza yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Si familia chache kati ya hizi zisomazo gazeti letu zilizo na mtoto au ndugu aishiye ng'ambo, na karo ya wadogo zake yatoka katika mshahara anaoupata huko. Tena swali lenyewe halikai ng'ambo. Laja mpaka milangoni petu.

Nyumba ni mali ya nani?

Tuanze na hoja ya mwenye nyumba, kwa maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kumsikia. Yeye husema: Nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu. Nilikopa, nikalipa, nikajinyima. Je, kuna mtu awezaye kuniamuru nimwingize nani ndani yake? Hoja hiyo si ya mzaha. Kanisa limefundisha daima kwamba mtu ana haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Papa Leo XIII aliitetea haki hiyo kwa nguvu katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi. Asiyekubali kwamba nyumba ni ya mwenyewe hataweza kumtetea hata mpangaji, kwa kuwa mpangaji naye ataka chumba chake kiwe chake maadamu amekilipia.

Lakini mafundisho hayo yana upande wa pili. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alipoandika juu ya mali alitenganisha mambo mawili: kuimiliki na kuitumia. Kuimiliki ni halali kwa mtu mmoja mmoja, maana kila mtu hutunza vizuri kilicho chake. Bali katika kuitumia, mtu asiihesabu kuwa yake peke yake, ila awe tayari kuwashirikisha walio na shida. Kwa hiyo mali ni haki ya kweli, lakini ni haki yenye wajibu shingoni.

Tutoe mfano ulio karibu. Mtu akialika wageni mezani pake, hakuna awezaye kumwuliza kwa nini amemwalika huyu akamwacha yule. Lakini akifungua duka, akapanga unga rafuni na kuweka bei juu yake, kisha akamfukuza mteja mwenye fedha mkononi kwa sababu ya rangi ya uso wake au nchi aliyotoka, hapo hawi tena mwenyeji anayechagua wageni wake. Amekuwa mfanyabiashara anayemdhulumu mnunuzi. Alisema mbele ya watu wote, Njooni mnunue; halafu amemtoa mmoja katika hao wote bila kosa lolote. Mwenye nyumba aliyetangaza chumba chake yumo katika hali hii ya pili. Tena anachokiuza si mapambo wala anasa. Asiye na pa kulala hawezi kufanya kazi, hawezi kupeleka mtoto shuleni, hawezi kuwa na mahali pa kupokea barua. Kadiri kitu kinavyokuwa cha lazima, ndivyo mwenye nacho anavyofungwa zaidi kukiuza kwa haki.

Wala mpangaji si mgeni wa kulishwa bure. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mhamiaji anayetafuta chumba amekwisha kushika jembe: auguza wagonjwa, aendesha basi, afagia maofisi alfajiri kabla wenyewe hawajaamka. Hatafuti sadaka, ataka kupewa haki kama wengine wanaolipa. Mapendo ya Kikristo huenda mbali kuliko haki, lakini hayawezi kuanzia chini yake.

Je, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuchagua kabisa? Anayo. Aweza kuuliza kama mwombaji ana uwezo wa kulipa, kama alilipa vizuri alikotoka, kama ataitunza nyumba. Hayo ni maswali juu ya matendo ya mtu, na kila mtu aweza kuyajibu kwa matendo mema. Bali maswali juu ya asili yake hayana jibu liwezalo kuwa jema au baya. Hakuna aliyechagua mahali pa kuzaliwa.

Kibao na sheria

Meli iitwayo Empire Windrush ilipotia nanga Tilbury mwezi wa Juni 1948, ilileta mamia ya watu wa visiwa vya Karibi waliokuja kufanya kazi Uingereza. Kwa sheria za siku zile walikuwa raia wa milki ile ile. Walipata kazi, lakini vyumba vilikuwa haba kwao. Katika miaka ya 1950 vibao madirishani na matangazo magazetini yalisema waziwazi kwamba watu weusi hawatakiwi. Bunge lilipopitisha sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi mwaka 1965, lilikataza ubaguzi katika mahoteli, mikahawa na mahali pengine pa watu wote. Kazi na makazi kwa jumla viliachwa nje.

Mwaka 1967 kukatolewa taarifa ya uchunguzi uliowafumbua wengi macho. Watu watatu walitumwa kuomba vyumba na kazi: Mwingereza, mgeni mweupe kutoka Hungaria, na mtu wa Karibi. Sifa zao zilifanana. Majibu hayakufanana, naye wa Karibi ndiye aliyekataliwa mara nyingi kuliko wote. Hapo ikawa vigumu kudai kwamba wenye nyumba walichukia ugeni tu. Mwaka uliofuata, 1968, sheria mpya ilifika mpaka kwenye nyumba. Mwaka huo huo, tarehe 11 Aprili, juma moja baada ya kuuawa kwa Mchungaji Martin Luther King, Marekani nayo ilitia sahihi sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba kwa sababu ya rangi, dini au taifa la asili. Uingereza ilizidi kuikaza sheria yake mwaka 1976, na mwaka 2010 ikaziunganisha sheria zote za usawa kuwa moja. Sheria hiyo, izungumziapo asili ya mtu, yataja rangi, kabila, na hata uraia wake.

Wako wanaosema kwamba sheria za namna hii ni kazi bure, kwa kuwa hazibadilishi mioyo. Twakubali kwamba hazibadilishi mioyo kwa siku moja. Mnamo 2017 mwenye nyumba mmoja wa wilaya ya Kent aliwaagiza mawakala wake wasiwapangishie watu wenye asili ya India na Pakistani, ati kwa sababu harufu ya mchuzi wao hubaki nyumbani. Moyo wake haukuwa umefundishwa na miaka karibu 50 ya sheria. Lakini mwezi wa Novemba mwaka ule mahakama ilitamka kwamba agizo lile ni kinyume cha sheria, ikamkataza kulitumia. Kazi ya sheria ni hiyo: kuuzuia mkono wakati moyo ungali unafundishwa. Tena huwafundisha watoto kimyakimya. Mtoto aliyekulia katika mtaa usio na vibao vya kufukuza watu hakui akidhani kwamba kufukuza watu ni desturi ya dunia.

Basi kwa kosa lililoandikwa, dawa ilipatikana. Shida yetu ni lile lisiloandikwa.

Msumeno

Mwaka 2014 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya uhamiaji yenye sehemu iliyoitwa Haki ya Kupanga. Jina ni zuri. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba, kabla ya kumpangisha mtu mzima yeyote, sharti azitazame hati zake na kuhakikisha kwamba ana ruhusa ya kukaa nchini. Mpango ulianza kujaribiwa Birmingham na miji ya jirani mwezi wa Desemba 2014, na tangu tarehe 1 Februari 2016 ukaenea England yote, bila Scotland, Wales wala Ireland ya Kaskazini. Aliyepangisha kwa asiye na ruhusa aliweza kutozwa hadi pauni 3,000 kwa kila mtu. Sheria ya 2016 iliongeza kifungo cha hadi miaka 5 kwa afanyaye hivyo huku akijua. Na tangu Februari 2024 faini imepanda hadi pauni 10,000 kwa kila mpangaji asiyeruhusiwa, na hadi 20,000 kosa likirudiwa.

Serikali haikumwambia mwenye nyumba, Bagua. Kinyume cha hayo, iliandika mwongozo wa kumkumbusha kwamba ubaguzi ni marufuku na kwamba awatazame wote kwa kipimo kimoja. Lakini tufikiri hali yake. Waombaji wawili wamekuja. Mmoja ana pasipoti ya Uingereza. Kazi ya kuitazama ni ya dakika moja. Wa pili ana ruhusa ya muda, na ili kuithibitisha yambidi mwenye nyumba apate namba maalumu, aingie katika mtambo wa serikali, asome, aweke kumbukumbu, na ruhusa ikiisha atazame tena. Akikosea kwa kumpokea asiyestahili, faini yamngoja. Akikosea kwa kumkataa astahiliye, atasema tu kwamba chumba kimechukuliwa, na hakuna atakayejua. Twaambiwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu ulikusudiwa kumkata asiye na ruhusa. Katika kurudi nyuma ukamkata na mwenye ruhusa.

Haya si mawazo matupu. Mwaka 2017 shirika la kutetea wahamiaji liitwalo Joint Council for the Welfare of Immigrants lilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Asilimia 51 ya wenye nyumba walioulizwa walisema kwamba mpango ule umewafanya wasipendelee kupangisha kwa raia wa nchi za nje. Asilimia 42 walisema kwamba wasingependelea mtu yeyote asiye na pasipoti ya Uingereza. Angalieni neno hilo la mwisho. Wako raia wengi wa Uingereza wasio na pasipoti, kwa sababu hawajapata kusafiri au hawana fedha za kuilipia. Raia mweupe wa namna hiyo huaminiwa kwa sura yake. Raia mweusi huombwa karatasi. Mwaka 2018 nchi nzima ilisikia habari za wale wazee waliofika utotoni katika siku za Windrush na miaka iliyofuata, waliokaa na kulipa kodi miaka mingi, kisha wakakosa kazi, matibabu na hata nyumba kwa sababu hawakuwa na karatasi ambazo hapo kwanza hawakuwa wameombwa.

Shauri lilifika mahakamani. Chama kikubwa cha wenye nyumba chenyewe kilisimama upande wa waliolalamika, maana hawakutaka kufanywa maaskari wa mpakani. Tarehe 1 Machi 2019 Jaji Martin Spencer aliamua kwamba mpango ule wavunja haki za binadamu: haukutoa tu nafasi ya kubagua, bali uliwasababisha wenye nyumba kubagua ambao pasipo huo wasingebagua. Serikali ilikata rufani. Tarehe 21 Aprili 2020 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ubaguzi upo na kwamba baadhi ya wenye nyumba husukumwa kwao na mpango ule. Hata hivyo ilisema kwamba wenye nyumba wengi waweza kuitii sheria bila kubagua, na kwamba faida ya kulinda mipaka yatosha kuuhalalisha mpango. Ukabaki.

Kosa ni la nani?

Hapa ndipo penye swali la dhamiri. Mwenye nyumba asema: Mimi simchukii mtu, naogopa faini. Serikali yasema: Mimi sikuamuru ubaguzi, nimeukataza. Mgeni naye yuko nje mvuani. Je, yawezekana dhuluma ikatendeka na mtendaji asiwepo?

Tumtazame kwanza mwenye nyumba. Walimu wa maadili husema kwamba hofu hupunguza hatia, lakini haiiondoi, mtu akibaki na akili zake na njia ya kutenda mema. Mwenye nyumba anayo njia hiyo. Aweza kutenga nusu saa akazitazama hati za kila mwombaji kwa zamu yake. Kazi hiyo yachosha, lakini haiwezi kulinganishwa na taabu ya mtu anayezunguka mji miezi miwili na watoto wake. Anayemdhulumu jirani ili ajiepushe na usumbufu asiseme kwamba amelazimishwa. Ni kweli pia kwamba wenye nyumba si wote matajiri. Yuko mjane ambaye chumba chake kimoja ndicho mkate wake, na faini ya pauni 10,000 ingemwangusha kabisa. Kwake hatia ni ndogo zaidi. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwauliza wale waliomtwika mjane kazi ya polisi.

Basi tuiangalie serikali. Hatuikatalii haki yake ya kulinda mipaka. Nchi ni kama nyumba, ina milango, na wenye dhamana ya manufaa ya wote waweza kuamua nani aingie na kwa masharti gani. Papa Pius XII, katika hati yake ya mwaka 1952 juu ya wahamiaji, aliwatetea waliolazimika kuhama, na Papa Yohane XXIII mwaka 1963 alihesabu kuhama kwa sababu za haki kuwa miongoni mwa haki za binadamu; wala mafundisho hayo hayasemi kwamba dola haina mpaka. Lakini kuwa na haki ya kutenda jambo si kuwa na haki ya kulitenda kwa njia yoyote. Mafundisho ya zamani juu ya tendo lenye matokeo mawili, jema na baya, yasema kwamba ubaya usiokusudiwa waweza kuvumiliwa, mradi wema unaotafutwa uwe mkubwa wa kutosha na pasiwepo njia nyingine nyepesi zaidi. Haitoshi kusema, Sikukusudia. Mtu akipiga mshale sokoni akimlenga mwizi, hawezi kuosha mikono umpatapo muuza ndizi.

Je, wema uliopatikana ulikuwa mkubwa hivyo? Mkaguzi Mkuu huru wa mipaka na uhamiaji wa Uingereza mwenyewe, katika taarifa yake ya Machi 2018, aliandika kwamba mpango ule ulikuwa bado haujathibitisha thamani yake kama chombo cha kuwafanya watu wazitii sheria za uhamiaji. Basi kwenye mizani upande mmoja twaona madhara ambayo mahakama mbili ziliyakubali, na upande wa pili faida ambayo mkaguzi hakuiona. Mahakama ya Rufani iliamua juu ya yale ambayo Bunge laruhusiwa kuyafanya. Haikuamua, wala haikuwa kazi yake kuamua, kama ni vema kuyafanya. Swali hilo limebaki kwa wabunge na kwa raia wanaowachagua.

Isidhaniwe kwamba hapana njia nyingine. Nchini Marekani mji wa Hazleton, Pennsylvania, ulitunga mwaka 2006 amri ya kuwatoza faini wenye nyumba waliowapangishia wahamiaji wasio na hati. Mahakama iliitangua mwaka 2007, na baada ya safari ndefu ya rufani Mahakama Kuu ya nchi ilikataa mwaka 2014 kuisikiliza kesi hiyo. Jimbo la California lilishika njia ya kinyume. Sheria yake ya 2007 ilizikataza serikali za miji zisiwalazimishe wenye nyumba kuulizia uhamiaji wa wapangaji, ikawakataza na wenye nyumba kuuliza. Sheria nyingine, iliyoanza tarehe 1 Januari 2018, yamzuia mwenye nyumba asimtishe mpangaji kwamba atamshitaki kwa maofisa wa uhamiaji ili ahame au anyamaze. Akiitoa siri hiyo kwa nia mbaya, mahakama yaweza kumwamuru alipe kati ya mara 6 na mara 12 ya kodi ya mwezi.

Wengine watauliza kwa nini sheria imlinde hata asiye na hati. Jibu ni jepesi. Fikirini paa linalovuja. Mpangaji alalamika, mwenye nyumba amjibu, Ukisema neno jingine nitawaita watu wa uhamiaji. Hapo mwenye nyumba hailindi mipaka ya nchi, maana kodi ya mtu yule ameipokea miaka mitatu bila kuuliza kitu. Aitumia sheria ya nchi kama fimbo yake mwenyewe. Kumzuia asifanye hivyo si kumpa mpangaji uraia. Ni kuhakikisha kwamba kosa la hati, kama lipo, laamuliwa na wenye mamlaka, wala haligeuzwi kuwa bidhaa.

Milango yetu wenyewe

Tumesema kwamba swali hili litafika kwetu, na sasa limefika. Wazee wetu wanakumbuka jinsi mji wa Dar es Salaam ulivyogawanywa katika utawala wa Waingereza: Uzunguni, Uhindini, na Uswahilini. Wachunguzi wa mambo hayo watuonyesha kwamba kanuni za mji zilitaja aina ya majengo kuliko rangi ya watu: hapa nyumba za namna ya Kizungu, kule nyumba za wenyeji. Mwafrika hakuambiwa toka. Aliambiwa jenga nyumba ya bei usiyoiweza. Methali ile ile, na msumeno ule ule.

Tumeyaondoa hayo, na nchi yetu imefanya mema ambayo nchi tajiri hazikuyafanya: mnamo 2014 Tanzania ilitoa hati za uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000, waliokimbilia kwetu mwaka 1972 pamoja na uzao wao. Ibara ya 13 ya Katiba yetu yakataza ubaguzi wa utaifa, kabila, rangi na dini katika sheria na katika kazi za dola. Lakini Katiba haisikii maneno ya dalali. Nani kati yetu hajapata kuulizwa, alipotafuta chumba, ni kabila gani, ni dini gani, ana watoto wangapi? Nani hajamsikia mwenye nyumba akisema kwamba watu wa mkoa fulani hataki kuwaona uani pake? Mzazi anayelia kwa sababu mwanawe amenyimwa chumba Birmingham, na jioni ile ile amwambia dalali asimletee watu wa dini nyingine, huyo hajachukia ubaguzi. Amechukia kubaguliwa tu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na tofauti yao ni kubwa.

Kwa hiyo twawashauri wenye nyumba wasomao gazeti hili: andikeni masharti yenu kabla mwombaji hajafika, ya kodi, ya usafi, ya utulivu, na masharti hayo yawe yale yale kwa kila ajaye. Mkiwa na neno ambalo mngeona haya kuliandika kwenye karatasi na kulitia sahihi, msiliseme kwa dalali. Kwa wapangaji, hasa vijana wetu walio ng'ambo, twasema: tunzeni matangazo na barua mnazojibiwa, andikeni tarehe na saa ya kila simu, maana ubaguzi wenye adabu hauthibitishwi ila kwa kumbukumbu zilizowekwa vizuri, tena ziko ofisi za ushauri na mahakama, na si aibu kuziendea. Kwa watungao sheria, popote walipo, twasema neno moja. Atungaye sheria asiulize tu, Nimekusudia nini? Aulize pia, Mtu mwenye hofu ataifanyia nini sheria hii wakati hakuna anayemwona?

Papa Pius XII alianza hati yake ile ya 1952 kwa kuitaja Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa familia zote za wakimbizi. Injili yatueleza safari yao na kurudi kwao. Haituelezi walilala wapi. Lakini Yosefu hakuwa na nyumba Misri, wala hakuwa na ndugu anayetajwa huko, naye alikuwa na mke na mtoto mchanga. Lazima alisimama mlangoni pa mtu fulani, mtu wa lugha nyingine na dini nyingine, akauliza kama pana nafasi. Na mtu huyo, ambaye jina lake hatulijui, hakusema kwamba chumba kilichukuliwa jana.